Ghorofa Moja kwa Wiki

Lifti ililia, uzito umezidi, kabla mlango haujajifunga. Watu kumi na mmoja waliobanana ndani wakatazamana, kisha macho yote, bila haya, yakatua kwa mpokezi wa kliniki ya meno ya ghorofa ya saba. Alikuwa amevaa gauni la kijani lililomkaa vizuri. Mwili wake ulikuwa wa kujaa, mwili ambao mama yake aliuita neema, na daktari, tangu mwezi uliopita, alikuwa ameuandikia dawa za presha.

"Atoke mmoja jamani, tunachelewa kazini!"

Akatoka, machozi yako karibu. Nyuma yake akatoka mwanamume mrefu wa shati jeupe, fundi wa miwani wa ghorofa ya tatu. Lifti ikaenda zake.

"Na wewe umetoka kwa nini?" mpokezi akauliza.

"Wamenikera. Twende kwa ngazi."

"Mpaka ya saba? Unataka nizimie siku ya pili ya mwaka?"

"Nani kasema ya saba? Moja tu, halafu tunaiita lifti. Wiki ijayo mbili. Bandu bandu huisha gogo."

"Gogo ni mimi?"

"La hasha! Mimi... sikuwa... gogo ni ngazi!"

Mpokezi akacheka mpaka akashika ukuta. Usiku wa kuamkia mwaka mpya alikuwa ameapa kuacha sukari, kuacha chakula cha jioni na kukimbia kila alfajiri. Alikimbia mara moja, na magoti yalikuwa bado yanamlaani. Ghorofa moja, alijiambia, hata magoti yatakubali.

Februari ilipoingia walikuwa wanafika ya tano. Fundi alipita mlango wake mwenyewe kila asubuhi, akamsindikiza juu, kisha akashuka akipiga mluzi. Urafiki ukageuka mapenzi, na mchana simu hazikukatika.

"Umekunywa maji, mpenzi?" fundi huuliza.

"Glasi mbili. Wewe umekula tunda?"

"Nusu chungwa. Nusu nimekuwekea."

Mwongo mkubwa, alishalimaliza. Lakini sauti yake ilimfanya mpokezi awaandikie wagonjwa miadi siku za Jumapili, na daktari wa meno akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Siku ya kuzaliwa ya mpokezi, fundi alimletea kisanduku. Ndani mlikuwa na gauni jekundu la hariri, mabega wazi. Mpokezi alilipima kifuani, furaha ikamkauka usoni.

"Hili dogo."

"Najua!" fundi akasema, akijisifu moyoni. "Ukifika ya saba litakukaa."

Mtu anawatengenezea wenzake macho mchana kutwa, yeye mwenyewe haoni mbele ya pua yake.

"Kumbe kuna mwingine unamsubiri," mpokezi akasema polepole. "Mwembamba. Akija, mpe gauni lake."

"Mpenzi, sikiliza..."

"Usiniite mpenzi. Ulikuwa unanipenda mimi, au huyo unayetaka nigeuke?"

Kwa siku tisa mpokezi hakupokea simu zake. Alipanda lifti, akanywa soda tatu kwa siku kwa hasira. Siku ya kumi dada yake muuguzi alimpima presha, akanuna.

"Imepanda. Umegombana na huyo bwana, sawa. Na moyo wako umekukosea nini? Kwani ngazi ni za kwake?"

Neno hilo lilimchoma. Kesho yake alizipanda peke yake. Ya tano akapumzika, akanywa maji. Ya sita akaimba kimyakimya. Ya saba! Akasimama mlangoni pa kliniki, jasho linamtiririka, anataka kupiga kelele, na kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyestahili kuzisikia. Akapiga simu.

"Nimefika."

"Wapi?"

"Ya saba. Kwa miguu yangu."

Simu ikakatika. Baada ya dakika moja fundi alitokea kwenye ngazi, shati nje, anahema kuliko alivyohema mpokezi.

"Usinikaribie kwanza," mpokezi akasema. "Sijapungua hata kilo moja. Na pengine sitapungua. Nitapanda hivihivi, kwa ajili ya presha yangu. Utaweza?"

"Nilidhani nakununulia furaha, kumbe nimekununulia mtihani. Nilikuwa mjinga." Akaingiza shati ndani. "Mimi sisubiri mtu. Nakutaka wewe ulivyo, na niwe nawe miaka mingi. Ndiyo maana nilitaka upande ngazi. Gauni nimelirudisha dukani."

"Umelirudisha? Rangi ile niliipenda! Ungebadilisha namba tu."

"Namba yako siijui."

"Ungeuliza! Mume gani hajui namba ya gauni la mke wake?"

Neno lilikuwa limeshatoka, na mpokezi alihisi masikio yakimuwaka.

"Rudia," fundi akanong'ona.

"Umesikia vizuri. Unataka au hutaki?"

"Nataka!"

Mlango ukafunguliwa, daktari wa meno akachungulia, barakoa kidevuni, kuuliza nani anapiga kelele na wagonjwa wanaogopa. Wao walikuwa wameshakumbatiana.