Kigingi Namba Kumi na Nane

Kila alfajiri Pelagia aliteka maji mara mbili kabla ya kwenda shule. Mwaka 1974 njia yake ilianza kupita katikati ya vigingi. Serikali ilikuwa imeagiza watu wakae pamoja vijijini. Bwana Ardhi Damiano alifika Mpimbwe na ramani kutoka wilayani, akapima viwanja kwa mistari iliyonyooka.

Kigingi cha akina Pelagia, namba kumi na nane, kiliangukia bondeni. Wapimbwe wote walijua kwamba masika maji husimama pale. Lakini ilikuwa Septemba, udongo ulikuwa mkavu, na hakuna aliyethubutu kuipinga ramani. Jioni moja Pelagia alikibadilisha kwa siri na kigingi namba ishirini, kilichokuwa mwinukoni. Namba ishirini ilikuwa ya Kashinje, Msukuma aliyehamia karibuni na ng'ombe wake. Baba yake Pelagia alidhani Bwana Ardhi amefanya masahihisho.

Januari mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Ukuta wa nyumba aliyoijenga Kashinje bondeni ulimwangukia bintiye Nyanzala, aliyekaa dawati moja na Pelagia. Mguu ulivunjika.

Mkutano wa kijiji uliitwa, Bwana Ardhi akiwapo.

"Msukuma anajua kuchunga, kujenga hajui," mtu mmoja alisema. Wachache walicheka.

"Amejenga ovyo," alisema Mwenyekiti Gaspar. "Nitaandika wilayani afutiwe kiwanja. Ahame."

"Nihamie wapi, ndugu zangu?" Kashinje aliuliza. "Mtoto hawezi hata kusimama."

Pelagia alisimama. "Ndugu Mwenyekiti, mzee hana kosa. Vigingi nilivibadilisha mimi."

Baba yake aliinamisha kichwa.

Damiano alikunjua ramani, akaweka kidole penye bonde.

"Nami nilipima kiangazi, wala sikuwauliza nyie wenyeji maji hupita wapi," alisema. "Nitaisahihisha ramani na kuipeleka wilayani, nayo wilaya itaifikisha mkoani. Bonde litakuwa shamba la mpunga. Kashinje atapimiwa kiwanja mwinukoni."

Kesho yake baba yake Pelagia alikuwa wa kwanza kukata miti ya nyumba mpya ya Kashinje. Damiano alimkuta Pelagia akibeba fito.

"Uliijua hatari, mwanangu," alimwambia. "Ungetuambia, tungeibadili ramani. Ulinyamaza, ukamhamishia mwenzako. Ukweli wako wa jana umewapatia akina Kashinje nyumba. Ungeusema Septemba, Nyanzala angekuwa anatembea."