Mpelelezi wa Jukwaani Alinitaja Mimi

"Mwizi ni huyu hapa! Najat!"

Jamani... kidole cha Mudathir kilikuwa usoni kwangu, na ukumbi mzima wa Makorora ukalipuka kwa makofi!

Walidhani ni mchezo.

Kwenye mchezo wetu, tulioutoa kwenye riwaya ya zamani ya upelelezi, mwizi alikuwa mwigizaji mwenzetu Hosea. Mimi nilicheza mtumishi wa nyumba tu. Mudathir, mchumba wangu wa kweli kabisa, ndiye aliyekuwa inspekta. Mwishoni anawakusanya watu wote sebuleni na kumtaja mwizi.

"Umekosea," nikamnong'oneza. "Mtaje Hosea."

"Sijakosea! Mkufu wa mama yangu umeupeleka wapi?"

Maneno hayo hayakuwamo kwenye mchezo!

"Mkufu gani?"

"Wa dhahabu! Kasha limebaki tupu, na droo nzima inanukia udi wako, ule unaoupika mwenyewe!"

"Mama yako aliniita chumbani kwake nimfukizie kanga zake! Muulize!"

"Kila mwizi ana maneno!"

Vigelegele! Mmoja akapaza sauti, "Huyo dada anajua kulia!"

Nililia kweli, wapendwa. Kadi za harusi zilishasambaa mpaka Pangani... Baba yangu, mzee Ibrahimu, alikuwa mstari wa mbele. Yeye hakupiga makofi. Aliinama, akajifuta uso kwa kofia yake.

Na Bi Mwanasiti, mama yake Mudathir? Alikuwa anapiga makofi kama wenzake!

Nikapiga magoti ukingoni mwa jukwaa.

"Mama, wallahi si mchezo! Mwanao ananiita mwizi wa mkufu wako!"

Makofi yakakatika. Bi Mwanasiti akapanda jukwaani mbiombio, nusura ajikwae kwenye buibui lake.

"We Mudathir! Nani kakwambia mkufu umeibwa?"

"Nimeona kasha tupu, mama. Nimechunguza kimyakimya wiki nzima, sikutaka kukutia presha."

"Umemuuliza nani?"

"Majirani, dada wa kazi, sonara..."

"Na mimi mwenye mkufu?"

Bi Mwanasiti akamnyooshea kidole mwanawe.

"Nimeutia kwenye sanduku la bibi harusi! Zawadi yangu kwa Najat, auone siku sanduku likifunguliwa mbele ya wanawake. Na aliyelitoa nyumbani akalipakia kwenye bajaji kwenda kwao Najat ni wewe!"

Inspekta akavua kofia. Akapiga magoti.

"Najat, nisamehe. Ushahidi wote ulikuelekea wewe."

Watu wakaanza makofi tena, wanasubiri nimkumbatie...

Nikashuka. Nikamshika baba mkono, tukaenda zetu nyumbani.

Kesho yake nikalirudisha sanduku kwao, halijafunguliwa. Bi Mwanasiti akanishika mabega mlangoni.

"Mwanangu, hata kwa ajili yangu?"

"Mama, siku ukipotelewa na kitu kingine, atanitaja tena."

Akanikumbatia. Tulilia pamoja, maana yule mama alinipenda kwa dhati.

Mashosti, mwanaume akikushuku akakuuliza, hapo mnaweza kuelewana. Lakini huyu alikuwa ananichunguza huku anakula wali wangu na kuniita mke wangu! Kwa mtu wa hivyo, kikipotea kijiko ni kesi, na mshtakiwa ni wewe.

Bado nampenda, nisiwadanganye. Inaniuma mpaka nakosa usingizi.

Ila sirudi.