Chupa Mia Sita za Björkudden

"Tuko watatu," Norbert alisema. "Wa nne akijua, tumekwisha."

Alitandaza ramani mezani. Walikuwa katika chumba cha nyuma cha duka la simu lililofungwa, Tensta, madirisha yamezibwa kwa magazeti. Bravin, dereva, Mkenya wa maneno machache, alikuwa akila kuku. Ramani aliichora Bethuel: nyumba, shamba la mizabibu, ghala la chini ya ardhi.

Bethuel, mtu wa Makete, alikuwa ametimiza miaka tisa ughaibuni, akifanya kazi katika shamba la Björkudden, kando ya ziwa Mälaren. Yeye ndiye aliyepogoa mizabibu theluji ikimfika magotini. Mvinyo wao mwekundu ulikuwa mwepesi, mchachu, kwa kuwa zabibu za kule huiva kwa shida. Isipokuwa mwaka 2018. Kiangazi kile jua halikubanduka, zabibu zikawa nyeusi tii. Zilipatikana chupa mia sita, na Hanna, mwenye shamba, hakuuza hata moja.

"Huyo mama hatakuwepo?" Norbert aliuliza.

"Jumatano ana daktari wa meno, mjini Jakobsberg. Anarudi saa saba."

"Basi weye unafungua, siye tunabeba." Akamsogezea sahani. "Kula kwanza, ndugu yangu."

Hilo ndilo lililomponza Bethuel. Shambani siku nzima ilipita bila neno. Chumbani kwake, mtaa wa Fittja, alizungumza na televisheni. Sasa, miezi minne mfululizo, kila Jumamosi watu wawili walimngoja kwa chakula, wakamwuliza habari za mama yake. Angewafungulia hata benki.

JUMATANO, SAA 4:10 ASUBUHI

Gari la Hanna lilipotea nyuma ya miti. Bethuel alipiga simu. "Kaondoka."

SAA 4:25

Gari la mizigo lilirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Bethuel alibonyeza namba za siri, akavuta mlango wa chuma. Makasha hamsini, chupa kumi na mbili kila moja. Vidole vilikufa ganzi.

SAA 4:50

"Yamebaki mawili," Bravin alisema. "Huko ndani kabisa."

Bethuel akaingia kuyachukua. Nyuma yake mlango ukabamizwa. Komeo la nje likalia.

"Norbert?"

Injini ikanguruma, ikafifia.

Alimpigia. Namba haipatikani. Akampigia Bravin. Haipatikani. Akaketi juu ya kasha katika giza, akasubiri, kwa sababu kwa muda fulani aliamini kabisa kwamba wangerudi.

SAA 7:05 MCHANA

Hanna ndiye aliyefungua. Shavu lake lilikuwa limevimba. Alitazama rafu tupu, kisha akamtazama yeye.

"Wamekuumiza?"

Njia ilikuwa hiyo, wazi. Angeitikia kwa kichwa tu, angekuwa mhanga. Lakini yule mama alikuwa amevua koti lake na kumfunika mabegani, na katika miaka tisa hakuna aliyemgusa hivyo.

"Mimi ndiye niliyewafungulia," Bethuel alisema.

Hanna alipanda ngazi polepole kwenda kupiga simu. Koti hakulichukua.

SAA 8:20

Polisi aliketi naye jikoni, daftari wazi.

"Majina."

"Norbert. Na Bravin." Aliyataja bila kusita. Alitaka wakamatwe leo hii.

"Norbert nani?"

Bethuel alijua kwamba Norbert hupenda pilipili nyingi. Alijua anavyocheka.

"Sijui."

"Anaishi wapi?"

"Tulikutana Tensta. Kwenye duka la simu."

Polisi alitoka, akampigia simu mwenzake aliye Tensta, akarudi baada ya nusu saa. "Duka lile halina mpangaji tangu Septemba. Kufuli limevunjwa. Hakuna kitu mle ndani, ila magazeti." Aligeuza ukurasa. "Miezi minne mmekula pamoja, na hujui hata jina la ukoo?"

Bethuel aligeukia dirisha.

"Na wao? Wanajua nini kuhusu wewe?"

Dirishani, mistari ya mizabibu ilisimama kwenye theluji, nusu yake bado haijapogolewa.

"Kila kitu," Bethuel alisema.