Jivu Mlangoni kwa Bibi Nyamizi

Mayai ndiyo yaliyomponza Elirehema siku ile. Trei mbili nzima zilipondeka ndani ya lori kwenye barabara mbovu ya kutokea geti la hifadhi, na mpishi Shemdoe alipofungua sanduku la chakula akakuta uji wa njano umelowanisha hadi mikate.

"Haya, kiongozi wa msafara," Shemdoe akasema, "kesho asubuhi wageni kumi na tisa watakula nini? Hotuba zako?"

"Mtume askari wa kambi."

"Askari anawasha moto. Chukua trei uende kijijini, jua halijazama. Wewe si una mtu wako huko, kila safari unanunua kwa yule bibi..."

Shemdoe akakatisha. Akainama kutafuta kisu ambacho kilikuwa mkononi mwake.

Elirehema akachukua trei tupu akaondoka.

Ulimi hauna mfupa, ndugu zangu. Wa Elirehema ulikuwa mlaini kuliko ndimi zote za barabara ile, kutoka Nairobi hadi Rwanda kwa sokwe. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watalii kwa lori, wiki tatu, hema leo hapa kesho pale, na jioni kuwakalisha kuzunguka moto awape maneno. Miaka mitano nyuma walifika kambi hii ya Mwabulenga, kando ya ziwa, baada ya siku nzima ya mvua. Simba hawakuonekana, hata mkia. Wageni wamenuna. Elirehema akakumbuka kwamba alfajiri alimwona bibi mmoja wa kijijini, ameshika fimbo, anamkimbiza fisi aliyenyemelea mbuzi wake. Basi akaanza. Akasema bibi yule hamfukuzi fisi, anampanda. Akasema macho yake ni mekundu kwa sababu halali usiku. Akasema wanakijiji humwaga jivu mlangoni kwake, maana mchawi akikanyaga jivu hawezi kutoka.

Jivu alilitunga palepale, kwa kuwa aliliona pembeni ya moto.

Wageni walipiga makofi. Mwenye kampuni akaisikia hadithi, akaitia kwenye ratiba: Jioni ya Bibi Fisi. Kila safari lori likipita, watu wanashusha vioo wanampiga bibi picha. Wanakijiji wakauliza, kwani huyu ana nini hadi wazungu wampige picha? Waosha vyombo wa kambini, ambao Elirehema alikuwa akiwachanganyia Kiswahili katikati ya Kiingereza chake ili nao wacheke, wakawapa jibu.

Jina lake Bibi Nyamizi. Macho yake yalikuwa mekundu kweli, kwa moshi. Kuni hakuna upande ule, alipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka maisha yake yote.

Mwaka jana, mwezi wa saba, Elirehema alipokwenda kununua mayai, bibi alimwuliza, "Mwanangu, wewe umetembea, unajua mambo. Nimeamka nimekuta jivu limemwagwa mlangoni. Nani anamwagia mtu jivu?"

Elirehema alijua. Alijua kabisa.

"Watoto tu, bibi," akasema.

"Haya. Nitafagia."

Mwezi wa pili mwaka huu, katikati ya mvua, nyumba ya Bibi Nyamizi iliungua naye akiwa ndani. Watu walisema ni moto wa jikoni. Hakuna aliyeuliza moto wa jikoni unafungaje mlango kwa nje. Elirehema alipata habari kwa simu akiwa kwao Upareni, anakula makande na mama yake. Mama akauliza kuna nini. Akasema mtandao tu unasumbua.

Hii ilikuwa safari yao ya kwanza tangu siku ile.

Njia ya dukani inapita mbele ya boma la bibi. Elirehema akainamisha kichwa, akahesabu hatua. Jua lilishagusa ziwa. Kuku hawakulia. Mbwa nao kimya...

Akasikia harufu.

Moshi wa mavi ya ng'ombe, ule mzito unaokaa kooni.

"Mbona trei tupu?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Karibu. Elirehema akasimama.

"Shikamoo, bibi." Adabu ilimtoka kabla ya akili.

"Marahaba." Kikafuata kikohozi kirefu, kikavu. "Usigeuke. Sipendezi."

Hakugeuka. Mkojo ulimtoka kidogo, nasema ilivyokuwa.

"Leo utanisimulia tena?"

"Hapana, bibi. Naapa."

"Usiape. Una mama wewe?"

"Ninaye."

"Anapikia nini?"

"Kuni."

"Na mvua zikinyesha?"

"Kuni hizohizo... zikiwa mbichi."

"Macho yake yakoje?"

Aliyaona macho ya mama yake, Nakundwa, akipuliza moto kwenye mafiga huku machozi yanamchuruzika.

"Mekundu, bibi."

"Eeh." Kikohozi. "Basi leo waambie. Nilikuwa nafukuza fisi, mbuzi wangu wasiliwe. Maneno hayo tu, si mengi. Ukishindwa, usinitaje mimi, nimechoka kutajwa. Taja unayemjua."

Kitu kikagonga... tik, tik, tik... ndani ya trei.

Elirehema akakimbia. Hakukumbuka njia, hakukumbuka hatua. Alipofika kambini Shemdoe akampokea trei akafurahi.

"Thelathini! Tena yana joto, kuku wametaga sasa hivi? Mbona yana masizi?" Akagonga moja ukingoni mwa bakuli. Halikumwagika kitu. Akagonga la pili, la tatu. Yote yalikuwa yameiva, meupe na magumu, na moshi ukanuka hadi mezani.

"Eli. Umenunua wapi haya?"

"Tupa."

"Nimekuuliza..."

"Kaka Shemdoe, tupa, nakuomba."

Saa mbili wageni wakakaa kuzunguka moto. Viti vya turubai kumi na tisa, watu kumi na wanane, maana Mholanzi mmoja alikuwa hemani tumbo linamwendesha. Shemdoe akasimama pembeni na simu yake. Mwenye kampuni alitaka hadithi irekodiwe, irushwe kwenye kundi la madereva na waongozaji ili wengine wajifunze.

Elirehema akasimama mbele yao. Alikuwa amekwishaamua. Nataka mjue hivyo, kwamba mtu yule alikuwa ameamua.

"Wageni wangu," akaanza, "hadithi hii niliyokuwa nikiisimulia hapa..."

Akatazama kiti cha Mholanzi.

Turubai lake lilikuwa limebonyea.

"...hadithi hii..."

"Ndiyo hiyo!" akapiga kelele Bi Ingrid, mwalimu mstaafu, mtu mwema tu. "Tumeisubiri tangu Nairobi!" Kijana mmoja akalia kama fisi. Wakacheka wote. Wakavuta viti mbele. Nyuso kumi na nane zilimtazama kwa upendo, zikisubiri ujuzi wake, na Elirehema akaona jinsi zitakavyobadilika akisema, mimi ni mwongo, na mwanamke amekufa kwa uongo wangu. Aibu mbele ya walio hai ikamlemea kuliko aibu mbele ya maiti. Ndivyo alivyokuwa.

Akasimulia.

Alisimulia vizuri kuliko siku zote. Fisi, macho, jivu. Alichanganya na Kiswahili kidogo kama kawaida, lakini waosha vyombo leo hawakucheka. Mmoja aliweka sahani chini akaondoka. Katikati ya hadithi mtu alikohoa, kikohozi kirefu, kikavu, na Bi Ingrid akamwuliza jirani yake kama anataka maji. Jirani akasema si yeye.

Makofi yalipokwisha, turubai la kile kiti lilikuwa limenyooka.

Shemdoe akamvuta nyuma ya lori. Alikuwa anahema.

"Eli, utani gani huu wa kishenzi?"

"Nimesimulia kama siku zote."

"Kama siku zote? Huyo Nakunda, sijui Nakundwa, si mama yako wewe? Si yule aliyetupikia makande tulipokuja kwenye msiba wa baba yako?"

"Nimesema Nyamizi."

"Umesema Nakundwa!"

"Nyamizi, kaka!"

Shemdoe akawasha simu. Sauti ya Elirehema ikatoka, tamu, yenye vituo vyake vyote. *Anaitwa Nakundwa. Anakaa Upareni, mlima wa kwanza juu ya mfereji, nyumba yenye mlango wa bluu. Mtazameni macho...* Kisha kwa Kiswahili, taratibu kama anayemfundisha mtoto: *Mwenye kutaka amani na amwage jivu.*

Elirehema akakaa chini kwenye majani.

"Futa."

"Nimesharusha kwenye kundi," Shemdoe akanong'ona. "Nilirusha papohapo, sikuwa nasikiliza, akili ilikuwa kwenye sufuria, nimeisikia nilipoirudia. Nimefuta, lakini wameshaipokea. Nusu ya wale madereva ni watu wa kwenu." Akafuta jasho. "Mkuki kwa nguruwe, mdogo wangu."

Elirehema akampigia mama. Hapatikani. Akapiga tena. Alipiga mpaka betri ikaisha, akaomba simu ya Shemdoe, nayo ikaisha.

Alfajiri lori lilipowashwa akachomeka simu yake mbele kwa dereva. Kabla hajabonyeza kitu, ikaita.

"Eli, mwanangu, umeamkaje?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeona umenitafuta. Mimi mzima, macho tu yananiwasha, hizi kuni mbichi." Akacheka kidogo, cheko la mtu anayeona haya kusumbua. "Nilitaka kukuuliza jambo, wewe umetembea, unajua mambo. Nimeamka nimekuta jivu limemwagwa mlangoni. Kuanzia kizingiti mpaka kwenye mgomba. Nani anamwagia mtu jivu?"

Lori lilikuwa linapita mbele ya boma la Bibi Nyamizi. Wageni nyuma walishusha vioo, wakatafuta wa kumpiga picha, wakakuta ukuta mweusi na majani.

Elirehema alijua la kusema. Lilikuwa neno moja, mimi. Alilisikia limefika mpaka kwenye meno. Dereva alikuwa pembeni yake anasikiliza.

"Watoto tu, mama," akasema.

"Na mimi nimesema hivyohivyo. Haya, mwanangu. Nitafagia."