Kikombe Alichomiminiwa Tamotsu

Kikombe cha katikati kilikuwa kimepungua, na hakuna aliyekuwa amekigusa.

Kinue alikiinamia akakitazama tena. Asubuhi ile alikuwa amemimina kwa mkono wake sake, pombe ya mchele, ya kila pipa la msimu, kila moja kwenye kikombe chake cheupe chenye duara mbili za buluu kitakoni, akavipanga dirishani ambako mwanga wa theluji ulisaidia kuona rangi. Kisha akaenda kusukutua mdomo. Basi.

"Mzee Yasoji, umeanza bila mimi?"

Mzee Yasoji, mpishi mkuu wa pombe wa nyumba ile tangu enzi za baba yake Kinue, ndiyo kwanza alikuwa anavua viatu mlangoni. "Nianze na nini, binti? Hata ulimi wangu bado umelala."

Wakaonja. Walivuta funda pamoja na hewa, kwa ile kelele ambayo mahali pengine ingekuwa aibu, wakaizungusha mdomoni na kuitema kwenye ndoo. Kinue hakuwahi kumeza akiwa kazini. Watengenezaji wa bonde lile waliuamini ulimi wake kuliko vipimo vyao.

"Hii ni kijana aliyejimwagia marashi," alisema mzee juu ya ile yenye harufu ya tikiti. Akaonja nyingine, nzito, yenye ladha ya wali wa chini ya sufuria. "Na huyu ni mkwe mwema. Hasemi mpaka umpashe moto."

Kinue alicheka, lakini akili yake ilikuwa kwa mumewe. Nani mwingine? Tamotsu alikuwa amekatazwa pombe tangu majira ya vuli. Daktari alisema ini lake limechoka, akirudia kunywa wamchimbie kaburi. Mwenyewe aliapa, akahamia kazi ya kuosha vyombo. Lakini siku hizi alikuwa amekonda, macho yamegeuka manjano, na akiongea huweka kiganja mdomoni.

Mchana alimbana jikoni.

"Fungua mdomo."

"Mimi ng'ombe wa mnadani?"

"Tamotsu, fungua mdomo nikunuse."

Alijaribu kucheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Ilitoka harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na nyuma yake uchungu wa ganda la limau. Kinue alishika ukingo wa meza. Hakuna pipa la msimu ule lililonukia vile. Sake yenye harufu hiyo aliionja mara moja tu maishani, asubuhi, yeye na kaka yake Reiji, wawili peke yao, wakataniana kwamba safari hii watawanyoosha majirani mashindanoni. Siku hiyohiyo Reiji alipanda kuikoroga, hewa ya pipa ikamlewesha, akatumbukia. Wakamtoa amekufa. Sake yote ikamwagwa kwenye mtaro.

Alimfuata mzee Yasoji ghalani.

"Mzee, niambie ukweli. Ulificha hata chupa moja ya pipa la Reiji?"

Mzee alikunja uso. "Unanitukana, binti. Pipa lile nililipasua kwa shoka langu. Kwa nini unaniuliza leo?"

"Tamotsu anainukia."

Hasira ikamtoka mzee usoni. Alitazama mlango wa chumba cha mapipa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kila siku baada ya chakula huingia humo. Mimi nilidhani anakwenda kulia."

Kinue alivua viatu, akaingia kwa soksi. Mwishoni mwa safu kulikuwa na nafasi tupu, pale lilipokuwa pipa lile, na Tamotsu alikuwa amepiga magoti hapo, mgongo wima, kama mtu aliyealikwa. Sauti aliisikia kwanza: tok, tok, tok, ile sauti ya chupa iliyojaa inapoanza kumimina, na chupa pekee iliyokuwepo ilikuwa tupu, imesimama sakafuni, na kikombe mikononi mwa mumewe kilikuwa kikijaa chenyewe kutoka chini, polepole, mpaka mdomoni, huku Tamotsu akiinamisha kichwa na kunong'ona, "Inatosha, shemeji, inatosha," kisha akanywa, akainua chupa tupu kwa mikono miwili kwa adabu zote, akaiinamisha juu ya kikombe cha pili kilichokuwa sakafuni mbele ya hewa, na hicho nacho kikajaa, kikapungua kama kile cha dirishani asubuhi, kikakauka, na mtu ambaye hayupo akashusha pumzi ya kuridhika.

Kinue alimvuta mumewe kwa ukosi mpaka uani.

"Siwezi kumkatalia," Tamotsu alilia. "Siku ya kumbukumbu yake nilikuta kikombe kimejaa pale. Nikajua mzee Yasoji kanimiminia. Nikagusa mdomo tu, Kinue, naapa! Halafu nikarudisha, nikammiminia na yeye. Mtu akikumiminia, unakaaje bila kumrudishia?"

Kila mtu wa nyumba ile angefanya vilevile.

Wakamleta Bibi Towa, kipofu wa kitongoji cha juu, anayesema na wafu. Alikaa kwenye nafasi ile tupu, akavuta shanga zake kwa muda mrefu.

"Hana ubaya," alisema. "Ana upweke. Mlipomrudishia mlimkaribisha, na karamu ya namna hii haiishi mpaka mmoja alale. Huyu mwanamume akilala, haamki."

"Tumwombee aondoke, bibi?"

"Maombi atayasikiliza huku anamimina. Huyu hufukuzwa kwa utovu wa adabu. Wa damu yake apokee, anywe, akifudikize kikombe, asimrudishie hata tone. Ataona aibu aende zake."

"Nikitema?"

"Kutema si kunywa, mwanangu. Na ukinywa, ulichokinywa ni chako."

Kinue alimtazama Tamotsu aliyeegemea ukuta, ngozi imelegea mifupani. Akaogopa sana, na akapiga magoti.

Kikombe kilijaa. Alikunywa chote, akameza, akakifudikiza sakafuni. Alihisi mtu aliye mbele yake akingoja, bila hasira, kwa subira ileile ya Reiji aliyoijua tangu utotoni, na mkono wake wa kulia ukaanza kuinuka wenyewe kuiendea chupa, maana ndivyo walivyolelewa wote wawili, mpaka ikabidi aikalie mikono yake huku machozi yakimtiririka, na kile kikombe kingine kikasogea sakafuni, kikagonga goti lake taratibu, kikagonga tena, kama mtoto anayeomba, na alitaka kusema "kaka, nisamehe," ila Bibi Towa alimziba mdomo kwa kiganja. Kisha hewa ikawa nyepesi. Mzee Yasoji alifungua madirisha.

Tamotsu alipona. Macho yakawa meupe, akaanza kula, akaanza hata kugombana na mzee juu ya kuni. Theluji ilipoanza kuyeyuka, Kinue na mzee wakarudi mezani kuchagua pipa la mashindano. Alionja la kwanza: ndizi mbivu, ganda la limau. La pili, ndizi, limau. Akaomba maji, nayo yakawa vilevile.

"Lipi, binti?"

Alionyesha lolote. Mzee alilitia alama kwa furaha.

Siku hiyo Tamotsu alipika mwenyewe supu ya maharage, akamwekea bakuli mbele, akakaa kumtazama kwa mapenzi.

"Chumvi imekolea?"

Kinue alivuta funda. Ndizi mbivu zikamjaa puani. Alimtazama mumewe, mzima, mashavu yamejaa.

"Imekolea," alisema, na mkono wake wenyewe ukasukuma bakuli mbele ya kiti kilichokuwa kitupu kando yake.