Jina la Saba

Jumatatu saa tatu asubuhi, jua tele dirishani, Wilma Oberlin alimaliza kupiga taipu orodha ya majina saba, akaitoa karatasi kwenye mashine, akaona jina la mwisho si lile aliloliandika.

Alidhani ni macho. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sketi, akasoma tena. Leonard Vasko.

Wilma alikuwa karani wa bodi ya kuandikisha vijana jeshini, hapa kwetu Brodhurst, Pennsylvania, mwaka ule wa 1968. Bodi yenyewe ilikuwa wazee watano wa papa hapa, watu waliowajua vijana wetu tangu wakivaa nepi. Kila mwezi makao makuu yalitaja idadi, nao wakaketi ghorofani juu ya benki, wakanywa kahawa, wakachagua ni mtoto wa nani aende kufa Vietnam, katika vita ambavyo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kutueleza tunapigania nini. Mwezi ule walitakiwa saba. Wa saba alikuwa Dale, mwana wa pekee wa Wilma mwenyewe.

Na Lenny Vasko tulikuwa tumeshamzika, tangu Februari. Jeneza lilikuja limefungwa, na afisa aliyelileta akamwambia mama yake asilifungue.

Wilma akaingiza karatasi nyingine. Akabonyeza D, ikapigwa L. Akabonyeza A, ikapigwa E. Chumba kikaanza kunuka tope la maji yaliyotuama, na juu ya tope, petroli iliyoungua. Alipojaribu mara ya tatu alihisi vidole juu ya vidole vyake, baridi, vimelowa, vimelainika kama vya mtu aliyekaa majini siku nyingi, vikimsukuma taratibu, bila ubaya, kutoka herufi hii kwenda ile, na chini barabarani magari yanapita na mtu anacheka na kengele ya mlango wa duka la dawa inalia kama kila siku, naye Wilma hawezi kupiga kelele wala kuvuta mkono, mpaka jina likaisha.

"Lenny?" alinong'ona. "Ni wewe, mwanangu?"

"Ni mimi, Bi Wilma." Sauti ilikuwa sikioni kabisa, na adabu yake ileile.

"Unataka nini kwangu?"

"Mwache Dale. Nitakwenda mimi. Nishazoea."

Hapo ndipo ninapokasirika, na nitakasirika mpaka niingie kaburini. Maana Wilma alijua. Mwaka uliotangulia, mwenyekiti wa bodi, Harlan Tuttle muuza magari, alileta cheti cha daktari kwamba mgongo wa mwanawe Craig ni mbovu. Wilma alikigonga muhuri, ingawa Jumapili yake alimwona Craig mtoni akibeba injini ya boti peke yake. Nafasi ya Craig ikajazwa na Lenny, mtoto wa mpishi wa shule. Wilma akanyamaza. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Saa nne Tuttle alipanda kuja kusaini. Akakunja pua. "Nani kaingiza mbwa aliyelowa humu?"

"Labda bomba, Bwana Tuttle."

"Basi mwite fundi, usiniue kwa uvundo." Akasaini bila kusoma. Hakuwahi kusoma hata siku moja.

Wilma angeweza kusema, na mdomo ulikuwa wake. Badala yake alikunja barua saba, akazitia kwenye bahasha, akazilamba gundi, akazipeleka posta mwenyewe. Ya saba ilikuwa na anwani ya Mama Lenny.

Jioni Dale alimngoja jikoni, hajagusa chakula. "Mama, niambie tu. Nimo?"

"Mwezi huu haumo."

Kijana akambeba juujuu, akamzungusha mpaka kiatu kimoja kikamtoka. Wilma akacheka, huku machozi yakimtiririka.

Jumatano mchana wanawake walisimama kwenye lami mbele ya benki, kama kila Jumatano, na bango lao refu lenye majina ya vijana wetu waliokufa. Wanaume waliokuwa kwa kinyozi waliwatolea kejeli kutoka ng'ambo ya barabara. "Wasaliti! Nendeni mkapike!"

"Mimi napikia watoto mia nne kila siku!" alijibu Irena Vasko, ambaye ndiye Mama Lenny. "Wewe hata yai linakushinda!"

Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Alikuwa na barua mkononi. Akaingia ndani, akapanda ngazi bila kumwangalia mtu, wanawake watatu wakamfuata.

Tuttle alikuwapo, na Wilma pia. Irena akaitandika barua mezani kwa kofi.

"Mnamtaka tena?"

Tuttle akaisoma, uso ukambadilika. "Bi Vasko, hili ni kosa la kikarani. Tunaomba radhi. Mwanao alikuwa shujaa."

"Na wako ana mgongo! Mgongo gani huo, unaouma ukisikia Vietnam na kupona ukiona mto?"

"Punguza sauti, mama."

"Sipunguzi! Nimenyamaza tangu Februari. Mmempata mara moja, mkanirudishia sanduku nisilifungue. Sasa mnataka nini, sanduku lenyewe?"

Akajikatiza ghafla. Pua yake ilikuwa imeinuka. Tope, petroli, na chini ya hayo yote kitu kingine ambacho ni yeye pekee aliyekitambua.

Mashine ikaanza kupiga. Hakuna aliyeigusa, Wilma alikuwa ukutani mikono kifuani, wanawake wako mlangoni, Tuttle yuko katikati ya chumba, na vitufe vinazama kimoja kimoja kama vinavyobonyezwa na mtu asiye na haraka, Leonard Vasko, Leonard Vasko, mstari chini ya mstari, karatasi inapanda na maji machafu yanachuruzika kutoka kwenye mashine, yanafuata ubao wa sakafu, yanafika kwenye kiatu cha Tuttle kilichong'arishwa na kukizunguka, naye anarudi nyuma nayo yanamfuata.

"Mwiteni kasisi!" alisema Tuttle. "Mwiteni mtu!"

"Hakuna wa kumwita," alisema Irena. "Huyu ni wangu."

Akavua aproni yake ya jikoni, akaikunjua mbele yake kwa mikono miwili, kama mama anayemtoa mtoto kwenye maji ya kuoga.

"Lenny, inatosha," alisema polepole. "Hawa hawashibi, mwanangu. Ukienda leo watakuita na kesho. Acha hiyo mashine. Twende nyumbani."

Vitufe vikasita. Kikapigwa kimoja, kisha kimya. Aproni ikatota mikononi mwake, naye akaikumbatia, akageuka. Vishindo vya viatu vizito vilivyojaa maji vikashuka ngazi kando yake, na wale wanawake watatu wakabana ukutani kumpisha mtu wasiyemwona. Uvundo ukaondoka nao.

Tuttle akajifuta jasho. Akatazama mlango, akatazama mashine. Mtu mzima mzima, aliyeona yale yote kwa macho yake, akasema, "Haya. Makao makuu yanataka saba. Andika jina sahihi."

Wilma akakaa, akaandika: Craig Tuttle. Kila herufi ilitii.

Tuttle akaichomoa karatasi, akaichana. "Andika tena."

"Andika mwenyewe."

Na akaandika, wallahi. Akakaa kwenye kiti cha karani, akatafuta herufi kwa kidole kimoja: D. A. L. E. Hakuna mkono uliomzuia.

Wilma akashuka. Irena alikuwa amerudi penye bango, aproni iliyolowa begani.

"Mama Lenny," alisema, "halikuwa kosa. Ile barua niliipeleka mimi. Nilikuwa namficha Dale. Sasa wamemwandika."

Irena akamzaba kofi, mtaa mzima ukasikia. Wilma hakuinua mkono kujikinga.

Kisha Irena akamsukumia ncha moja ya bango. "Shika," alisema. "Mwanao anaondoka lini?"