Kikombe cha Nywele

Vichwa kumi na kimoja alikuwa amenyoa tangu asubuhi, na kikombe cha mashine kilikuwa kitupu. Kinyozi alikigeuza juu chini, akakigonga kiganjani. Haukudondoka hata unywele mmoja. Kilichodondoka ni ute, tone moja zito, la vuguvugu, lililovutika kama mate ya mtoto aliyelala.

"Lo!" alisema, akaenda kunawa mikono mara tatu.

Wateja walimwita Kinyaa, na jina lilimkaa. Kinyozi gani anachukia nywele? Huyu. Mba ilimtia kichefuchefu. Nywele zilizonasa kwenye shingo yenye jasho zilimfanya ageuze uso. Hata chakula cha mchana alikula nje ya duka, amesimama, asije akakuta unywele kwenye sahani. Lakini kazi aliiweza, hilo hakuna aliyebisha. Alipoona mtandaoni mashine inayonyoa huku ikizivuta nywele zote kwa ndani, roho yake haikutulia. Shida ni kwamba iliuzwa katika nchi moja tu ya mbali, na wenye duka hawakutuma nje. Akajiandikisha kwa wasafirishaji wa vifurushi: wao wanakupa anwani ya ghala lao hukohuko, unanunua kama mkazi wa pale, wanapokea, wanapima uzito, kisha wanakutumia ulipo.

Siku ya tano ghala lilimwandikia: "Bidhaa imefika. Boksi lake limefungwa kwa uzi mweusi, lina madoa na linanuka. Tulitoe kupunguza uzito?"

Kinyaa aliishia kwenye neno "linanuka". Akajibu: "Litupeni."

Mashine ikamfikia ndani ya plastiki safi, gramu mia tisa kamili, inaenea kiganjani. Kwa wiki mbili alifanya kazi huku akipiga mluzi. Ndipo siku ile ya vichwa kumi na kimoja akaona kikombe kitupu, na baada ya hapo akaanza kusikia mengine. Mashine ikiwa imechomolewa umeme na kuwekwa kwenye droo, droo ilitoa sauti ya kutafuna, polepole. Kila alipoifungua ilinuka kinywa kisichopigwa mswaki.

"Kaka," mwalimu mmoja mwenye mvi alimwambia kwa sauti ya chini, shingo ameikaza, "mashine yako inanilamba?"

"Ni upepo wa injini tu, mwalimu."

"Upepo wenye ulimi?"

Kinyaa alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Angeiacha siku hiyohiyo. Uvivu wa kurudia kufagia ulimponza, akaendelea nayo, na Jumamosi alimnyoa nayo bintiye wa miaka sita, waliyemwita Kibibi, kwa sababu ya mapunye.

Siku ya pili yake, mezani, Kibibi alisukuma sahani. "Baba, kuna kitu kooni."

Kinyaa akaona ncha nyeusi kwenye ulimi wake. Aliishika kwa vidole viwili, akavuta, ikaja, ikazidi kuja, imelowa, imesukwa na mvi na nywele nyekundu za rangi na vinyweleo vya ndevu za watu asiowajua, na ilipoanza kupinda kuelekea kwenye kidole chake kama inayotafuta pa kujishika, aliiachia, akaruka nyuma hadi ukutani. Mkewe ndiye aliyemalizia kuitoa, huku analia.

"Mwanao huyu!" alimwambia. "Unamwonea kinyaa mwanao?"

Aibu ile ilimuuma. Zahanati walimpima mtoto: kilo kumi na tisa, homa hana. Wakampa dawa ya minyoo. Nywele ziliendelea kutoka, na Kibibi akaacha kula kabisa.

Mkewe akamwita shangazi yake, mshona magodoro ambaye watu walimkimbilia walipoingiliwa na mambo. Alifika dukani mchana, uzi wa magodoro bado shingoni. Akainusa mashine, akaisukuma mbali.

"Nyumba yake iko wapi?"

"Nyumba ya nani, shangazi?"

"Ya huyu jini. Alikuja ndani ya nini?"

"Kulikuwa na boksi. Nilisema walitupe. Lilikuwa linanuka."

"Na wewe ungefungiwa humo miaka yote hiyo, ungenukia?" Akavuta pumzi. "Sasa sikiliza. Mfungue tumbo, utoe kila alichokula. Kisha nitamsomea, nimfunge kwa uzi kwenye boksi jipya, umrudishe kwenye ileile anwani aliyotokea. Lakini ukibakiza unywele wa mtoto humo ndani, hataondoka peke yake."

Kinyaa alichukua glovu na koleo.

"Weka chini," shangazi alisema. "Ulimlisha kwa mkono. Mtoe kwa mkono."

Alilegeza skrubu nne, akatia vidole, kikaingia kiganja, na ingawa mashine ilikuwa fupi kuliko kisahani, mkono ulizidi kuzama, hadi kifundo, hadi kiwiko, ndani ya joto la majimaji, akawa anatoa mafungu ya nywele yaliyogandamana na mba na damu ya chunusi na kile kiute, anayatupa ndooni, anatapika, anarudi tena, mpaka chini kabisa alipogusa nywele laini, fupi, ambazo vidole vyake vilizijua mara moja, na pembeni yake ufizi usio na meno ukambana vidole na kuanza kuvinyonya taratibu kama mtoto mchanga. Akachomoa mkono na kile alichowahi kushika.

"Zimekwisha?" shangazi aliuliza.

Zilibaki kidogo tu. Alijua.

"Zimekwisha," alisema, akakimbilia bombani.

Boksi lilifungwa, likasafiri. Jioni ileile Kibibi alikula sahani mbili. Mkewe alicheka tena. Wiki tatu zikapita kwa amani, na nywele za mtoto zikaota.

Adhuhuri moja Kibibi alikuwa anacheza dukani. Kinyaa alikuwa amenyoa vichwa saba kwa mashine yake ya zamani. Akashika ufagio, akaangalia chini. Sakafu ilikuwa safi, hapana hata unywele.

"Umenifagilia, mama?"

"Hapana, baba."

Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa taarifa kutoka ghalani: "Kifurushi chako kimepokelewa. Uzito: kilo kumi na tisa."

Akaisoma mara mbili. Kibibi akanyoosha mikono. "Baba, nipandishe kitini."

Alimwinua kwa mkono mmoja. Mkono ule ulikuwa umebeba mashine kutwa nzima kwa siku nyingi, ukautambua uzito: gramu mia tisa kamili. Mtoto alilaza kichwa begani mwake, akaanza kumlamba shingo, palipo na nywele za wateja. Kinyaa aliteremsha macho kwenye maneno yaliyobaki.

"Kuna kinachogonga kwa ndani na kulia. Kinanuka. Tuliomba maelekezo jana, hukujibu, hivyo tumefuata agizo lako la mwanzo."